Hatua Tisa Zisizo na Mwenyewe

Saa ya jikoni ya Avril Ogden ilikuwa na umbo la kuku, na tangu tarehe mosi Oktoba haikuwa jikoni. Ilikuwa sebuleni, kwenye meza ya kulia chakula, kando ya kompyuta ya mumewe. Avril alichemsha mayai kwa kukisia, na yakitoka mabichi, wa kwanza kulalamika alikuwa huyohuyo aliyemchukua kuku.

"Cliff," alisema Jumatano ile, amesimama mlangoni na bahasha mkononi.

"Mm."

"Cliff, nina jambo nataka kukwambia."

"Bado dakika ishirini na mbili, mama. Niko pangoni na sina kamba."

Avril alimtazama kisogo. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa, kaputula ya kulalia saa tisa alasiri, mjini Rotherham, Uingereza, mvua inanyesha, na eti hana kamba. Aliirudisha bahasha kwenye mfuko wa aproni na kwenda kumenya viazi.

Kila vuli hali ilikuwa hiyohiyo. Watu kutoka pembe zote za dunia walipeleka michezo yao ya maandishi mashindanoni: hadithi unazoingia kwa kuandika unachotaka kufanya, au siku hizi kwa kubonyeza maneno yaliyopigiwa mstari, nayo hadithi inakujibu. Yeyote aliweza kuwa hakimu kwa wiki sita. Kanuni ilikuwa moja: cheza kwa masaa mawili yasiyozidi, kisha toa alama, moja hadi kumi, hata kama hujafika mwisho. Mahakimu wengine walicheza nusu saa, wakala, wakalala, wakarudi kesho yake kumalizia. Cliff hakutaka kusikia habari hizo. Alisema saa inayosimamishwa ni saa ya mwongo. Kuku alihesabu dakika sitini tu, kwa hiyo alimtia ufunguo mara mbili kwa kila mchezo, na kati ya mlio wa kwanza na ufunguo wa pili kulikuwa na kama sekunde kumi ambazo mke angeweza kuzungumza na mumewe.

Mwaka huu michezo ilikuwa sitini na minne.

Tuseme kweli, Cliff hakuwa mtu mbaya. Ghala la mabomba alilofanyia kazi miaka ishirini na sita lilimwachisha kazi mwezi Machi, na tangu hapo hakuna aliyemngojea popote, isipokuwa huko barazani kwa wacheza michezo, kwenye mtandao. Huko watu wa nchi nne tano waliuliza, "Ogden amesemaje?" Avril alilijua hilo, na ndiyo maana alikuwa amevumilia. Lakini uvumilivu nao una shingo, na maji yalikuwa yamefika hapo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya hospitali. Daktari alikuwa ameligusa titi lake la kushoto, akaligusa tena palepale, akamwandikia rufaa. Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Chini kabisa waliandika: *Tafadhali njoo na mtu wako wa karibu.*

*

"Umeshamwambia?" aliuliza Pauline siku ya Ijumaa. Walikuwa jikoni kwenye shule ya msingi wanakofanya kazi, wanakwangua masufuria ya maharage ya nyanya.

"Nimejaribu."

"Kujaribu ndiyo nini? Unafungua mdomo, unasema. Nimepata uvimbe. Maneno mawili tu."

"Kuku anahesabu."

"Mimi huyo kuku ningemchemsha," alisema Pauline. "Na mwenye kuku ningemtia humohumo kwenye supu."

Avril alicheka kidogo, akaendelea kukwangua.

"Basi nitakwenda na wewe," alisema Pauline. "Nitamwomba msimamizi ruhusa. Dada yako alikwenda hospitali peke yake, na wewe mwenyewe ulinihadithia. Alirudi hakumbuki hata neno moja aliloambiwa."

"Nina mume, Pauline."

"Unaye?"

Avril aliweka sufuria kwenye rafu kwa kishindo, na mpishi mkuu akachungulia kuona kimevunjika nini.

Alasiri ile alivizia zile sekunde kumi. Alijibanza kando ya kabati la vyombo amevaa koti lake lililolowa, akingoja kama mtu anayengoja kuvuka barabara kuu. Kuku akalia. "Cliff, Alhamisi ijayo, mimi na wewe—"

"Wamenigeuza popo," alisema Cliff, mkono tayari uko kwenye ufunguo. "Unaamini? Hakuna onyo, hakuna chochote. Unafungua kabati, umekuwa popo. Na jalada limechorwa na akili bandia. Mkono mmoja, vidole saba. Watu hawana haya." Krr, krr, krr, kuku akatiwa ufunguo. "Ulikuwa unasemaje?"

"Nasema viazi vimekwisha."

"Basi tule tambi," alisema Cliff kwa upole kabisa.

Huo upole ndio uliomuudhi zaidi. Mtu mkorofi unamkoromea, mnamalizana. Huyu alikuwa mpole kama godoro, na kumweleza jambo ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Avril alikwenda jikoni, akakuta tambi nazo zimekwisha.

*

Jumamosi alasiri Cliff alikuwa kwenye mchezo wa hamsini na mbili. Ulikuwa wa kuandika, wa mtindo wa zamani, aupendao: uko kwenye mgodi wa chumvi ulioachwa, una taa ya mafuta ya hatua mia moja na hamsini, na kila unachokiandika kinahesabiwa hatua moja, hata neno ambalo mchezo haulijui. Cliff alikunywa chai kikombe cha tatu, na mwili wa mtu wa miaka hamsini na tisa haufuati kanuni za mashindano. Alisimama, akamtazama kuku kwa uchungu, akapanda ngazi mbio kwenda chooni bila kuisimamisha saa.

Avril alikuwa amekuja kuchukua kikombe. Kioo cha kompyuta kilikuwa mbele yake, na pembeni juu kabisa pameandikwa: *Hatua: 112.* Chini, kialama kilikuwa kinawakawaka kikingoja kuambiwa neno. Kilikuwa kinangoja kwa subira ambayo hakuiona nyumbani mwake tangu Septemba.

Akakaa. Akaandika kwa kidole kimoja: MWAMBIE CLIFF.

*Humwoni mtu wa jina hilo hapa.*

"Hata mimi simwoni," alisema Avril kwa sauti. Akaandika: CLIFF NISIKILIZE.

*Hicho si kitendo ninachokijua.*

NIMEPATA UVIMBE.

*Hicho si kitendo ninachokijua.*

NI KWENYE TITI LA KUSHOTO NA NINAOGOPA.

*Hicho si kitendo ninachokijua.*

HOSPITALI ALHAMISI SAA NNE NA DAKIKA AROBAINI.

*Hicho si kitendo ninachokijua.*

Huko juu maji ya choo yalivutwa. Avril aliandika upesi, akikosea na kurudia: TWENDE WOTE.

*Huwezi kwenda upande huo.*

Alilitazama jibu lile. Kisha akaona haya, kama mtu aliyekutwa anazungumza na ukuta. Alitafuta pa kufutia, hakupaona. Lakini amekaa na mtu huyu miaka tisa ya michezo, na kitu kimoja alikijua: ukiandika TAZAMA, mchezo hukueleza upya mahali ulipo, kwa maneno mengi. Aliandika TAZAMA, kuta za chumvi zikaelezwa. Akaandika tena, na tena. Maneno yake yakasukumwa juu mpaka yakapotea ukingoni mwa kioo. Aliamini yamekwenda na yameisha.

Cliff alishuka akifunga mkanda. "Umegusa?"

"Nimechukua kikombe."

"Kwa sababu inasema hatua mia na ishirini na moja."

"Mimi nitajua wapi mambo ya hatua?" alisema Avril, akaenda zake na kikombe.

Baada ya dakika arobaini alimsikia anaguna kwa nguvu. Taa ilikuwa imemzimikia hatua nne kabla ya mlango wa kutokea.

*

Kila Jumapili baada ya chakula Cliff alimsomea mkewe alichokiandika juma zima kabla hajakipeleka barazani. Ilikuwa desturi yao. Avril hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja, lakini alijua kutikisa kichwa mahali panapofaa, na siku nyingine, miaka ya nyuma, alikuwa akicheka kweli. Jumapili hii alikaa na beseni la viazi mapajani.

"Mchezo wa hamsini na mbili," alisoma Cliff, miwani puani. "'Mwandishi anajua kuandika. Chumvi yake inaonjeka. Kwa nini basi ameharibu kazi nzuri kwa uzembe? Nilipoondoka mezani kihesabu kilikuwa kwenye hatua ya mia na kumi na mbili. Niliporudi, kilikuwa mia na ishirini na moja. Hatua tisa zimeruka zenyewe! Mafuta ya hatua tisa yameibwa, nami nikafa gizani hatua nne kutoka mlangoni. Mchezo unaomwadhibu mtu kwa kitu asichokifanya haustahili zaidi ya alama tatu.' Kali?"

"Kali," alisema Avril. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Ngoja, kuna kipande cha mwisho. 'Ili mwandishi asiseme nimemsingizia, naambatisha kumbukumbu nzima, mstari kwa mstari. Ajionee mwenyewe.'"

"Kumbukumbu gani?"

"Ile faili. Nikianza tu kucheza naiwasha. Inaandika kila kitu kinachochapwa na kila kinachojibiwa, mwanzo mpaka mwisho. Mhakiki asiye na kumbukumbu ni mpiga soga tu."

"Kila kitu?"

"Kila herufi."

"Na wewe umeisoma?"

"Ya nini? Si nilikuwepo?"

Avril alikitazama kiazi. Nje, jirani alikuwa anafagia majani, na kila akifagia mvua inaleta mengine. Angeweza kusema sasa hivi. Kuku alikuwa amenyamaza, ilikuwa Jumapili, na Cliff alikuwa anamtazama usoni, jambo la nadra. Lakini alikuwa akimtazama kama mtu anayengoja sifa. Kitu kilimpanda Avril kifuani, cha moto, na hakikuwa woga. Alichoka. Alichoka kujibanza kando ya kabati.

"Haraka ya nini?" alisema. "Isome kwanza hiyo kumbukumbu, uitume jioni. Umemwita mtu mzembe, hakikisha."

"Nimeshahakikisha. Nitume?"

"Nimekwambia usome, Cliff."

"Mama, nina michezo kumi na miwili na siku tano. Nitume, nisitume?"

Avril alikata kiazi vipande viwili. "Tuma," alisema.

*

Jumatatu haikutokea kitu. Jumanne Avril aliporudi kazini alikuta sebule iko kimya na kompyuta imezimwa. Cliff alikuwa jikoni. Alikuwa amevaa suruali. Kuku alikuwa mezani mbele yake, hahesabu, na kando yake kikombe cha chai iliyoganda utando juu.

"Nani amekufa?" aliuliza Avril.

"Mwandishi wa ule mchezo wa chumvi ameniandikia. Ni mama mmoja wa Tasmania, anaitwa Ottilie." Sauti ya Cliff ilikuwa ya mtu mwenye mafua. "Hawaruhusiwi. Mpaka kura zifungwe, mwandishi hatakiwi kumgusia mhakiki hata neno. Wakimjua wanautoa mchezo wake mashindanoni. Ameandika kwa siri."

"Anasemaje?"

Cliff alikuwa ameiandika kwa mkono nyuma ya bahasha ya bili, labda kwa kuwa hakutaka kuwasha tena kompyuta. Akasoma. "'Bwana Ogden. Mchezo wangu haukuruka hatua. Tafadhali soma kumbukumbu yako kuanzia hatua ya mia na kumi na mbili. Nadhani maneno yale hayakuwa yangu kuyasoma, wala ya watu wa barazani. Alama tatu si neno. Mwahi mkeo.'"

Avril alivua koti lake polepole, akalitundika. "Watu wa barazani nao wamesoma?"

"Kumi na mmoja wameandika chini ya uhakiki wangu. Wanakupa pole. Yupo mmoja wa Ufini, mama yake—"

"Watu kumi na mmoja," alisema Avril. "Watu kumi na mmoja nisiowajua wamenipa pole, na wewe si mmoja wao."

"Kwa nini hukuniambia, Avril?"

Basi hapo ndipo alipolipuka, mwanamke ambaye hakumpandishia mtu sauti tangu mazishi ya baba yake.

"Sikukwambia? Jumatano ulikuwa pangoni. Ijumaa ulikuwa popo. Jumamosi ulikuwa chooni, na hiyo ndiyo mara pekee nyumba hii ilinipa nafasi ya kuzungumza. Nimeliambia lile dude lako maneno sita, Cliff, na kila neno lilinijibu. Lilijibu halinielewi, lakini lilijibu. Jumapili nikakupa mpaka jioni uisome mwenyewe. Nikakwambia soma. Umeona afadhali mimi niwe hitilafu."

"Nilidhani ni kasoro ya mchezo."

"Najua ulichodhani. Umekitangaza hadharani."

Cliff alianza kulia, kwa namna mbaya ya watu wasio na mazoezi, mabega yakipanda na kushuka bila mpango. Avril alisimama akimtazama. Alimhurumia, na hilo likamuudhi upya, maana yeye ndiye mwenye uvimbe na sasa yeye ndiye wa kubembeleza. Mwishowe alimwaga ile chai iliyoganda, akajaza birika.

"Alhamisi," alisema Cliff, uso uko kwenye viganja. "Saa nne na dakika arobaini."

"Umesoma vizuri."

"Nitakuja. Ukinitaka."

"Barua inasema mtu wa karibu," alisema Avril. "Nilikuwa nafikiria kumchukua Pauline."

Cliff alichukua kitambaa cha vyombo, akampangusa kuku mgongo, akamrudisha kwenye rafu yake juu ya jiko, pale palipokuwa na alama ya duara kwenye vumbi. Jioni ile walikula mayai ya dakika nne kamili, mezani, kwenye meza ya kulia chakula. Alipomaliza, Avril alisema basi la kwenda hospitali ni la saa tatu na nusu, na kwamba asivae lile sweta lenye tundu.

*

Saa nne na arobaini ilipita. Saa tano ikapita. Muuguzi akatoka kuwaambia kuna ucheleweshaji, akarudi ndani, na chumba kizima cha wanawake na watu wao wa karibu kikaguna kwa pamoja. Cliff alikuwa amekuja na daftari. Avril alidhani ni la uhakiki, akajiandaa kukasirika, kisha akaona ukurasa wa kwanza. Ilikuwa orodha ya maswali ya kumuuliza daktari, kumi na manne, kwa hati nadhifu ya ghalani.

Maswali mengine yalikuwa ya kumuuliza Avril mwenyewe. Aliuona lini? Akiwa anafanya nini? Unauma? Nani mwingine anajua? Avril alijibu moja moja. Kila akijibu, Cliff aliliandika jibu kabla ya kuuliza lingine. Hakutazama saa, ingawa ilikuwa ukutani mbele yake, kubwa kama sinia.

"Leo kura si zinakaribia kufungwa?" aliuliza Avril.

"Kesho."

"Umebakiza mingapi?"

"Kumi na mmoja. Mmoja nilicheza Jumatatu, kabla sijajua." Alifunga daftari. "Haitachezwa. Sijali."

Miaka tisa hakuwahi kubakiza hata mmoja. Avril hakumwambia asante, kwa sababu haikuwa zawadi, ilikuwa haki yake iliyochelewa.

"Yule mama wa Tasmania nimembadilishia alama," alisema Cliff baadaye. "Na nimeandika barazani kwamba kosa lilikuwa langu. Nimefuta na ile faili."

"Umempa ngapi?"

"Saba."

Avril alimgeukia. "Mwanamke amehatarisha mchezo wake kwa ajili yangu, mtu asiyenijua hata kwa sura, na wewe unampa saba?"

"Ile taa, mama," alisema Cliff kwa unyonge. "Hata ukizitoa zile hatua tisa, mafuta yake ni machache mno."

Kicheko kilimtoka Avril kabla hajakizuia, kikubwa, cha jikoni. Mzee mmoja aliyekaa mbele yao akainua macho kutoka kwenye gazeti. Avril alijifunika mdomo, akacheka humohumo, machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Cliff alimshika mkono. Ulikuwa mkono wa baridi, wa mtu anayeogopa kuliko yeye.

"Mpe tisa," alisema alipopata pumzi.

"Nane."

"Cliff."

"Haya. Tisa."

Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na saba, bado dakika tatu masaa mawili yatimie, mlango ulipofunguka. Muuguzi alitazama karatasi yake, akatafuta chumbani kwa macho.

"Bi Ogden?"

Wakasimama wote wawili.